Kebo ya konsoli ya USB yenye chipu ya FTDI: miezi 18 ndani ya mkoba wangu

Kebo ninayoizungumzia ni ile ya buluu, upande mmoja USB ya kawaida yenye chipu ya FTDI inayotafsiri kati ya kompyuta na rauta, upande wa pili kichwa cha RJ45 kama cha kebo ya mtandao, urefu mita 1.8. Niliinunua Kariakoo mwezi Oktoba 2024 kwa shilingi 45,000 na tangu siku hiyo iko mkobani, inatoka kwa ajili ya kazi tu. Mimi ni fundi wa mitandao. Ofisi nyingi ninazozihudumia hazina mtu wao wa TEHAMA, kwa hiyo rauta ikigoma au mtu akisahau nywila, simu inakuja kwangu. Na kazi yenyewe mara nyingi huanzia kwenye poti ya konsoli, ule mlango unaokuingiza ndani ya rauta hata kama mtandao wote umelala na hakuna anwani ya IP hata moja inayoitika. Ukiukosa mlango huo, huna pa kuanzia.

Najua wapo watakaoshangaa mtu kuandika kurasa nzima kuhusu kebo. Naandika kwa sababu kebo mbaya nusura inifanye nimuuzie mteja rauta mpya ambayo hakuihitaji, na jambo hilo bado linanikera nikilikumbuka.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ya shilingi 15,000. Duka sitalitaja, maana sidhani hata muuzaji mwenyewe alijua anachouza. Kwa macho ya haraka zilikuwa pacha: buluu ileile, kichwa kilekile, hata maandishi kwenye mfuko yalifanana. Nikaifanyia kazi mara mbili tatu hapa hapa Dar es Salaam, ikaitika vizuri, nikaiamini.

Basi siku moja nikapigiwa simu kutoka chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Morogoro. Umeme ulikuwa umekatika usiku, ukarudi, na tangu uliporudi matawi yao hayaonani. Rauta ilikuwa Cisco 2911, taa zinawaka, feni zinazunguka, ila hakuna kinachopita. Nikapanda treni ya SGR jioni, nikafika saa mbili usiku. Mitambo yao iko kwenye kistoo chini ya ngazi. Mzee mlinzi alinifungulia, nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu, ingia, nikumulikie," akasimama na tochi yake muda wote ule, kwa kuwa taa ya mle ndani ilikuwa imeungua.

Nikachomeka. Windows ikaitambua kebo, ikaipa namba ya poti, COM4, hakuna alama ya njano wala malalamiko. Nikafungua PuTTY, programu ya kuongea na rauta kwa maandishi, nikachagua Serial, kasi ya 9600, biti nane za data, bila pariti, biti moja ya kusimamisha. Dirisha jeusi likafunguka. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena na tena. Nikazima rauta, nikahesabu hadi kumi, nikaiwasha huku nimekodolea skrini, maana hata kama kila kitu kimeharibika ndani, rauta ikiwaka huwa inasema neno, walau toleo la programu yake ya kuanzia. Hakuna hata herufi moja.

Nilipitia yote niliyofundishwa. PuTTY huja na Flow control, yaani udhibiti wa mtiririko wa data, ikiwa kwenye XON/XOFF, nikaiweka None. Nikahamisha kebo kwenye poti nyingine ya USB. Nikaiwasha upya laptopu. Nikajaribu 115200, nikajaribu 38400. Nikahakikisha sikuchomeka kwenye poti ya AUX kwa bahati mbaya, maana kwenye rauta hiyo ziko jirani na vichwa vinafanana. Nikaangalia kama kuna kitu kimechomekwa kwenye konsoli ya USB, ile ya mini, kwa kuwa ikishika kazi hiyo, konsoli ya RJ45 inanyamaza. Hapakuwa na kitu. Saa moja na nusu ikapita, mzee kabadilisha betri za tochi.

Nikampigia meneja. Nikamwambia, "Mama, rauta imekufa." Akauliza mpya ni kiasi gani, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akasema atawaomba wajumbe wa bodi asubuhi. Kwa chama kile hizo ni fedha za wanachama, watu wanaoweka elfu kumi kumi.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri, kwa sababu ya zile feni. Rauta iliyokufa kwa umeme mara nyingi hata feni zake haziendi sawa. Asubuhi nikamtafuta fundi mmoja wa pale mjini ambaye tuliwahi kusoma naye, nikamwomba aniazime kebo yake. Akaniletea yake ya buluu, imechakaa, imefungwa mpira wa ofisini. Nikachomeka, nikabonyeza Enter mara moja:

rommon 1 >

Rauta ilikuwa hai usiku kucha, inangoja tu mtu wa kuongea naye. Ilikuwa imeshindwa kuona kadi yake ya CompactFlash, ambamo programu yake yote imehifadhiwa, ikasimama hapo kwenye rommon, ile programu yake ndogo ya kuanzia inayosubiri amri. Nikaizima, nikaichomoa kadi, nikaifuta, nikairudisha mpaka ikakaa vizuri, nikawasha. Dakika 20 baadaye matawi yalikuwa yanaonana. Nikaenda mwenyewe ofisini kwa meneja, nikamweleza kwamba jana nilimwambia jambo ambalo sikuwa na hakika nalo. Alinishukuru kwa kumwambia. Nilimlipisha nauli tu.

Nilipofika nyumbani nikaichukua ile kebo ya 15,000, nikaiweka chini ya taa ya meza na kioo cha kukuzia. Kichwa cha RJ45 kina vijisu vinane vya shaba. Ukikibana kwa koleo, kila kijisu kinatakiwa kutoboa ganda la waya wake na kugusa shaba ndani. Vingine vyote vilikuwa vimezama sawasawa. Kile cha pini ya 3 kilikuwa kimekaa juu ya ganda, kimelikwaruza upande tu. Na pini ya 3 kwenye poti ya konsoli ya Cisco ndiyo ambayo rauta hutumia kutuma maneno yake. Pini ya 6 ndiyo inayosikilizia. 4 na 5 ni ardhi. Kwa hiyo rauta ilikuwa inaongea, na neno likaishia kwenye unywele wa plastiki. Zile mara mbili tatu za mwanzo kijisu kilikuwa kinagusa kwa ubavu, kisha mkobani kikasogea.

Windows haiwezi kukuambia jambo hilo. COM4 inaonekana kwa sababu chipu iliyoko ndani ya kichwa cha USB inasalimiana na kompyuta, basi. Kinachotokea kutoka chipu kwenda mbele, kwenye waya na kwenye kile kichwa cha pili, kompyuta haina habari nacho. Hapo ndipo nilipokosea kufikiri usiku ule: niliona COM4 nikaihesabu kebo kuwa nzima.

Siku ya tatu yake nikaenda Kariakoo. Duka lenyewe ni kichumba, ghorofa ya pili, kaka mmoja na meza moja. Ila juu ya meza hiyo alikuwa na swichi ya zamani ya Cisco, bila mfuniko, inawaka, kwa ajili ya wateja kujaribia. Nilipomwambia nataka kebo ya konsoli akaniuliza, "Dada, unataka ya kufundishia au ya kazi?" Nikasema ya kazi. Akatoa mbili, zote za 45,000, akasema zina chipu ya FTDI, nichague na nijaribu mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuza. Sikuinunua kwa kusoma lebo, maana lebo inaandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapia. Niliichomeka kwenye laptopu yangu, upande wa pili kwenye swichi yake, nikaona inawaka mwanzo mpaka mwisho, nikaandika amri, ikajibu. Kisha nikamwomba nifanye jaribio langu, akaniruhusu bila kununa. Akanipa risiti ya EFD na kuniambia ikinisumbua ndani ya mwezi niirudishe na risiti hiyo.

Jaribio lenyewe nililipata kwa kufikiria ile pini ya 3, na natamani kila fundi awe nalo mkobani. Unachukua kipande cha kebo ya kawaida ya mtandao, urefu wa kiganja, kichwa kimoja kimebanwa kwa mpangilio wa rangi za waya uitwao T568B. Upande wa pili unamenya waya mbili tu: ya kijani, na nyeupe yenye mstari wa kijani. Kwa mpangilio huo nyeupe-kijani ni pini ya 3 na kijani ni pini ya 6. Unazisokota pamoja, unafunga utepe. Kisha unatumia kapla, kile kiunganishi kidogo cha plastiki chenye matundu mawili, kuunganisha kipande hicho na kichwa cha kebo ya konsoli. Sasa kile kinachotumwa na kebo kinarudi kwenye kebo hiyohiyo. Fungua PuTTY, andika jina lako. Ukiliona kwenye skrini, njia ya kwenda na ya kurudi zote mbili ni nzima, kutoka draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kebo, hadi kwenye vijisu vya shaba. Usipoliona, kebo ndiyo mgonjwa, usiiguse rauta ya mtu. PuTTY kwenye Serial haiandiki yenyewe unachobonyeza, kwa hiyo huwezi kudanganyika: herufi unayoiona ni iliyokwenda na kurudi. Kasi yoyote inafaa, mimi napima kwa 9600 kisha 115200.

Kipande hicho kimenigharimu kapla ya shilingi 1,500 na kebo niliyoiokota sakafuni. Kila ninapotoka kwenda kazini napima kwanza. Dakika moja.

Tukija kwenye kebo yenyewe. Ganda lake ni nene kidogo kuliko ile ya zamani, laini, halipindi vibaya ukilikunja. Kichwa cha USB ni kizito mkononi kwa sababu chipu imo humo ndani, na pale kebo inapotokea pana kifuniko cha mpira kinachozuia isivunjike shingo. Kichwa cha RJ45 kimefinyangwa pamoja na ganda, si kile cha kubana kwa koleo, kwa hiyo sikuweza kukikagua vijisu kwa ndani. Nimetegemea jaribio la kijani. Haina taa. Ningependa sana iwe na mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea, maana fundi aliyeko gizani chini ya ngazi anahitaji kujua kama kuna kitu kinakuja kutoka upande wa pili. Ziko kebo zenye taa hizo, hii haina.

Kuhusu draiva, kwenye Windows 11 yangu ilijiweka yenyewe mara ya kwanza kwa kuwa nilikuwa na intaneti. Nashauri uiweke ukiwa nyumbani, usingoje kufika kwa mteja, kwa sababu unapoitwa ni pale ambapo mteja hana intaneti. Kwenye Linux haikuhitaji chochote: nilichomeka, nikaandika dmesg, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, nikaona imeshikwa kama ttyUSB0. Kinachowakwamisha wengi kwenye Ubuntu ni ruhusa. Kama mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la dialout, utakataliwa kuifungua poti, na mtu akiona hivyo anaikimbilia kebo. Jiongeze kwenye kundi, toka, ingia tena. Jambo jingine la kijinga lakini hutokea: dirisha jingine la PuTTY ulilolisahau limeishika COM ileile, na la pili linakataliwa. Funga la kwanza.

Nirudi kwa hili la chipu, kwa kuwa neno FTDI linatumika madukani kama kiapo. FTDI ni kampuni ya Glasgow, Uskoti, na chipu yake ya FT232R imeigwa mno. Mwaka 2014 walitoa draiva iliyokuja kupitia Windows Update, ambayo ilizitambua chipu za kuiga na kuzifuta namba ya utambulisho, zikabaki na 0000, kompyuta haizijui tena. Watu duniani kote walikuta vifaa vyao vimenyamaza bila wao kujua kwamba walikuwa wamenunua vya kuiga. Kelele zikawa kubwa, draiva ikaondolewa. Mimi nawaelewa wenye chipu kutetea kazi yao, lakini aliyeumia ni mnunuzi, naye hakuwa na namna ya kujua. Hadi leo kifaa cha kuiga kinaweza kujitambulisha kwa namba ileile ya 0403:6001 kama cha halali, kwa hiyo kusoma namba hiyo kwenye kompyuta hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kazi, tena ya miezi.

Na kazi imefanya. Nitaeleza mbili.

Ya kwanza ni hoteli moja Bagamoyo, Februari 2025. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha kebo mara mbili, zote zinaonyesha takataka: viulizo, mabano, vijisanduku, ukibonyeza Enter vinaongezeka vingine. Akahitimisha poti ya konsoli imeungua na radi. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimepima kebo yangu kwa kipande cha kijani, herufi zimerudi safi. Kwa hiyo nilipoona takataka zilezile sikupoteza hata dakika kwenye kebo. Takataka ina maana yake: waya unapitisha, rauta inaongea, ila masikio na mdomo haviendi kwa kasi moja. Kompyuta inasoma biti kwa wakati usio wake. Skrini tupu ni ugonjwa mwingine kabisa, na kuuchanganya na huu ndiko kunakowapotezea watu siku nzima.

Nikaanza kubadilisha kasi. 115200, takataka. 38400, takataka za sura nyingine. 19200, na jina la rauta likatokea, limetulia, kama mtu aliyekuwa anakusubiri sebuleni. Nikaandika show version na kwenda hadi mstari wa mwisho kabisa:

Configuration register is 0x2122

Ya kawaida ni 0x2102. Mtu alikuwa amefanya kazi ya kurejesha nywila, ambako unaweka 0x2142 ili rauta isisome usanidi wake, kisha unatakiwa kurudisha 0x2102. Wakati wa kurudisha kidole kikaandika 2 badala ya 0. Namba hiyo ya hexadesimali imebeba mambo kadhaa kwa pamoja, na biti zake tatu ni za kasi ya konsoli: 0x2102 ni 9600, 0x2122 ni 19200. Kosa la kidole kimoja, rauta ikawa inaongea kwa kasi ambayo hakuna anayeitarajia. Nikairudisha kwa config-register 0x2102, nikaangalia na mistari ya line con 0, yaani mipangilio ya konsoli, kama kuna mahali kasi imeandikwa, nikahifadhi, nikaiwasha upya usiku wageni wamelala. Ikarudi kwa 9600. Poti iliyoambiwa imeungua ilikuwa nzima.

Simlaumu yule fundi. Mtu mwenye kebo asiyoiamini hana pa kusimama. Kila kitu kinakuwa mtuhumiwa kwa wakati mmoja: kebo, draiva, poti, rauta, umeme, radi. Mimi nilikuwa na mtuhumiwa mmoja pungufu, na huyo ndiye aliyenipa nafasi ya kuwaza.

Ya pili ni kurejesha nywila kwenye Cisco 1941 ya shule moja hapa Dar, ambayo aliyeisanidi aliondoka na nywila. Hapo unahitaji kutuma ishara ya Break ndani ya sekunde 60 za mwanzo baada ya kuwasha, ili rauta isimame kwenye rommon. Kebo yangu ya zamani haikuwahi kuweza hilo. Ungebonyeza Ctrl na Break mpaka kucha iume, rauta inaendelea kuwaka kama haikusikia. Hii ya FTDI ilifanya mara ya kwanza, kupitia menyu ya PuTTY, Special Command, Break.

Kwa mwenye kebo isiyotuma Break, ipo njia ambayo Cisco wenyewe wameiandika, nami niliwahi kuitumia ikanitoa. Weka PuTTY kwenye kasi ya 1200 badala ya 9600. Zima rauta, iwashe, bonyeza kitufe cha nafasi mfululizo kwa sekunde 10 hadi 15. Hutaona kitu kwenye skrini, usiogope. Funga, fungua tena kwa 9600, utakuta rommon. Inafanya kazi kwa sababu Break si herufi. Ni waya kushikiliwa chini muda mrefu kuliko herufi nzima. Herufi moja kwa 9600 huchukua takriban milisekunde 1. Kitufe cha nafasi kwa 1200 kinaushikilia waya chini kwa milisekunde 5 hivi. Rauta inayosikiliza kwa 9600 haioni herufi hapo, inaona mtu kakamata waya, inasimama. Nilipoielewa sababu hiyo nilifurahi kuliko nilipofanikiwa.

Sasa kasoro, maana zipo.

Mita 1.8 hazitoshi. Reki nyingi za hapa kwetu ziko juu ya ukuta, na unaishia kushika laptopu kwa mkono mmoja huku umesimama kwenye kiti. Mimi narefusha upande wa RJ45 kwa kapla na kebo ya kawaida ya mtandao iliyonyooka, mita tano, na kwa 9600 haijawahi kunisumbua. Usiongeze ile kebo bapa ya kugeuza, ile ambayo pini ya 1 inakwenda 8 na 2 inakwenda 7. Kebo hii ya USB imeshageuzwa ndani yake. Ukiigeuza mara ya pili unarudi mwanzo, mdomo unaelekea mdomo na sikio linaelekea sikio, skrini inabaki tupu. Nimeona watu wawili wakikwama hapo.

Kile kilimi cha plastiki cha RJ45 kilivunjika mwezi wa tisa. Kichwa kinaingia, kinashika, ila ukiivuta kebo kidogo kinachomoka. Kwa kuwa kimefinyangwa na ganda huwezi kukata na kubana kipya bila kuharibu umbo lake. Nimeweka kapla fupi mbele yake ambayo haichomoki, nimeifunga utepe, nikatengeneza kipande cha sentimita 20 cha kuingia kwenye rauta. Kilimi kikivunjika sasa, kinavunjika cha kipande, nabana kingine kwa mia tatu. Wangeweka tu kale kamfuniko ka mpira juu ya kilimi, jambo hili lisingetokea, na kwa bei hii walistahili kukaweka.

Laptopu mpya nyingi zina USB-C peke yake. Hii ni USB ya kawaida, kwa hiyo unahitaji adapta, na adapta ni kitu kingine cha kukosewa. Kama unanunua leo na laptopu yako ni ya namna hiyo, tafuta yenye USB-C moja kwa moja, ila jaribio la kijani ni lilelile.

Halafu si kila rauta inaongea kwa 9600 wala kwa pini hizi. MikroTik nilizofanyia kazi zinatumia 115200, na zile zenye mlango wa pini tisa hazipokei kichwa hiki kabisa. Vifaa vingine vina poti ya RJ45 iliyoandikwa CONSOLE lakini mpangilio wa pini ni wa mwenyewe. Soma karatasi ya kifaa kwanza. Kwa Cisco na Juniper nilizozigusa mimi, 9600 na pini hizi zimekubali.

Kwa huduma ya duka nampa yule kaka nyota tano. Hakunisifia bidhaa, alinipa swichi ya kujaribia na akaniacha nijaribu. Niliporudi miezi mitatu baadaye kununua ya pili, nikamkuta amejitengenezea kipande chake cha kijani, kimening'inizwa kwenye msumari juu ya meza, na kila anayenunua kebo anaonyeshwa jina lake mwenyewe likirudi kwenye skrini kabla hajatoa pesa. Kwa kebo ni nyota nne; moja imekwenda na kilimi.

Ile ya pili niliifunga kwenye bahasha nikaituma Morogoro kwa basi, kwa yule fundi aliyeniazima yake. Aliponipigia kushukuru alikuwa yuko juu ya kiti, ananiuliza kama naijua njia ya kuifanya iwe ndefu.